Kiswahili cha Kwetu Hewani

Nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo, nikaletwa Mwanza nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Kitu cha kwanza mama alichonifundisha hapa hakikuwa kupika wala kufua. Alinifundisha kusema "mtoto" badala ya "mutoto", na "yupo" badala ya "eko". Yeye mwenyewe hakuweza. Alinituma nisikilize watoto wa jirani, kisha jioni nimwonyeshe nilichopata.

"Kinywa yako njo itakufukuzisha hapa," aliniambia.

Nilijifunza vizuri mno. Nilipoolewa na Msukuma wa Magu, mawifi zangu walikaa muda mrefu wakidhani mimi ni Muha wa Kigoma. Karatasi zangu zilinyooka baada ya ndoa. Ulimi ulikuwa umeshanyooka zamani.

Ninashona nguo pale Mabatini. Mmoja wa wateja wangu alikuwa meneja wa redio ndogo ya jamii, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, ambaye hakuna gauni la dukani lililomkaa. Siku moja alikuwa amesimama mbele ya kioo, nami nambana kiunoni kwa pini, simu ikaita. Alikuwa mama, na kwa mama nina lugha moja tu. Tukabishana kwa Kiswahili cha kwetu, haraka haraka, kuhusu dawa zake za presha alizokuwa ameziacha tena. Nilipokata simu, mteja alikuwa ananitazama kupitia kioo.

"Kumbe wewe Mkongo," akasema.

Nilitia pini mdomoni, nikaendelea kumbana kiunoni.

"Nina nusu saa kila Jumamosi asubuhi, haina mtu," akaendelea. "Igoma, Nyakato, ng'ambo kule Sengerema, visiwani, watu wa kwenu wapo kila mahali. Kila siku tunawaongelea. Hakuna anayeongea nao."

Nilikataa. Akarudi na kitambaa kingine, nikakataa tena. Mara ya tatu alikuja bila kitambaa, na siku hiyo nilikubali, ila si kwa sababu yake. Jana yake nilikuwa nimemsikia binti yangu, akiwa mlangoni, akimwambia rafiki yake kwamba bibi yake ni bubu. Alisema hivyo ili rafiki asiingie kumsalimia, bibi asije akafungua mdomo. Mama alikuwa amekaa ndani, anachambua mchele. Alisikia. Hakuinua kichwa. Usiku ule sikumgombeza binti yangu, maana nilijua alikojifunzia.

Jumamosi ya kwanza niliingia studio nimevaa vizuri kama mtu anayekwenda kwenye harusi. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Niliongea nusu saa nzima kwa Kiswahili cha vitabuni: ndugu zetu wahamiaji, changamoto zinazowakabili, na kadhalika. Nilitaja namba ya simu mara nyingi. Haikuita hata mara moja.

"Umeongea kama taarifa ya habari," meneja aliniambia. "Hata mimi nimesinzia."

Jumamosi ya pili nilianza vilevile. Katikati, nikisimulia habari za watoto kuandikishwa shule, ulimi ukateleza, nikasema "mutoto". Nilisikia joto usoni. Kabla sijajirekebisha, taa ya simu ikawaka. Alikuwa mwanamke, sauti yake ikikatizwa na upepo.

"Yaya," aliniita, jina tunalomwita dada mkubwa, "weye uko mutu wa kwetu?"

Meneja, nyuma ya kioo, aliinua mikono kama kusema, haya, amua. Nikavuta maiki karibu.

"Niko wa kwenu," nikasema. "Niko wa Uvira."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio. Alisema yuko ng'ambo, upande wa Sengerema, mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, anaanika dagaa. Ana mimba kubwa. Mtoto aliyemtangulia huyu alimzalia chumbani, akafa siku hiyohiyo. Jirani amemwambia kwamba ukienda hospitali bila kitambulisho cha hapa, wanakuita watu wa uhamiaji.

"Ni kweli, Yaya?"

Sikujua. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sijui, ila Jumamosi ijayo nitamleta anayejua. Alipokata, taa iliwaka tena, na ikaendelea kuwaka hadi muda ukaisha. Kinyozi wa Igoma aliyefukuzwa kwenye chumba kwa kuwa mwenye nyumba aliogopa kuwa na mgeni. Baba ambaye mwanawe anaitwa "mkimbizi" darasani, na mwalimu anacheka pamoja na wengine. Mimi niliyekuwa na nusu saa ya kujaza, sasa nusu saa ilikuwa haitoshi.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na nesi, mkunga mwenye asili ya Ukerewe, mteja wangu pia. Ni mtu wa maneno machache. Alisogeza kiti na kusema, "Mimi mama mjamzito akija namuuliza mimba ina miezi mingapi. Namuuliza anaumwa wapi. Siulizi mpaka aliovuka. Miaka yote niliyofanya kazi sijawahi kumrudisha mtu, na wenzangu ninaowajua hawajawahi."

Yule mwanamke alipiga simu palepale. Alishukuru kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini uyu ni serikali. Serikali ingesema nini tena?"

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kitandani, redio imezimwa mapajani.

"Uache," aliniambia. Namwandika kwa Kiswahili cha huku ili aeleweke. "Tumeishi hapa kwa kunyamaza. Waliopiga kelele tuliwaona walikopelekwa. Leo umemwambia kila mtu tulipo."

"Mama, walishajua tulipo. Wasichojua ni kwamba sisi ni watu."

"Na wakija?"

"Wakija watanikuta mimi. Jina langu ndilo lililo hewani."

Siku mbili alikula chakula changu bila kusema neno. Iliniuma, lakini sikuacha.

Kisha meneja aliniita ofisini. Kuna mtu alikuwa amempigia, mtu wa kusikilizwa, akilalamika kwamba redio yake inatangaza lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza, wakati leseni inataka hizo mbili tu.

"Rudi kwenye Kiswahili cha kawaida," alisema, bila kunitazama. "Siwezi kuhatarisha redio nzima."

"Hiki nacho ni Kiswahili."

"Wewe unasema hivyo."

"Basi uliza wanaosikiliza. Nipe Jumamosi moja. Wakisema hawaelewi, nitaondoka mwenyewe, na gauni lako nitalimalizia."

Alicheka kidogo, akanipa hiyo Jumamosi. Nilifungua kipindi kwa Kiswahili cha kwetu toka mwanzo hadi mwisho. Nilieleza habari za malalamiko, nikawaomba wasiotoka Kongo wanipigie na kuniambia kama wananielewa. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kisesa.

"Mwangaluka, mama," alisalimia Kisukuma, kisha akageukia Kiswahili. "Mimi nakuelewa vizuli. Na sisi tukifika Dalisalama si wanatucheka? Mbona ledio hawatufukuzi?"

Nyuma ya kioo meneja aliziba mdomo kwa kiganja. Baada ya mzee alipiga Mjita wa Musoma, kisha mfanyabiashara Mhindi wa mjini, ambaye familia yake imeuza vyombo hapa tangu enzi za babu yake, akasema Kiswahili chake mwenyewe watu wanakiiga kwenye vichekesho na hajawahi kuambiwa si Kiswahili. Meneja alirekodi yote. Alimpelekea aliyelalamika. Hatukuondolewa. Tulihamishwa tu kutoka asubuhi kwenda saa nane mchana, saa ya jua kali, tukidhani hakuna atakayesikiliza. Walisikiliza.

Mwanamke wa Sengerema hakupiga tena. Wiki ilipita, ikapita nyingine. Nilimpigia mimi, akasema, "Niko muzima," akakata. Nikamwambia nesi, siku yako ya mapumziko nakuomba. Wakati ule daraja la kuvuka ziwa lilikuwa bado linajengwa, tukavuka kwa kivuko kutoka Kigongo, nguzo za zege zimesimama majini pembeni yetu. Ng'ambo tulipanda gari hadi Sengerema, kisha bodaboda hadi mwaloni.

Tulimkuta kwenye kivuli cha bati, miguu imevimba. Mumewe alikuwa visiwani kwenye uvuvi, mwezi wa pili sasa. Watoto wake watatu walikuwa wanafukuza ndege wasile dagaa. Nesi hakuuliza lolote. Alinawa mikono, akamlaza mkekani, akampapasa tumbo taratibu, kisha akapapasa tena.

"Mtoto amelala upande," aliniambia. "Huyu hazaliwi nyumbani. Akijaribu, tutawazika wawili."

Nilimtafsiria mwanamke maneno yote bila kupunguza. Alikaa, akavuta kanga hadi kifuani.

"Banifunge kule, batoto yangu batabaki na nani?" aliniuliza.

Nilitamani kumwambia hilo haliwezekani. Lakini alikuwa ameshaambiwa maneno matamu mengi. Nikamjibu kwa lugha yetu: sina uwezo wa kuahidi kwamba hakuna atakayeuliza. Naahidi kwamba anayeuliza atanikuta nimekaa karibu na kitanda chako, na sitaondoka. Na watoto, tutamwomba jirani awaangalie mpaka turudi.

Aliwatazama watoto kwa muda. Kisha akainuka, akachukua beseni na kanga mbili. "Twende basi," akasema.

Hospitalini waliuliza jina, umri, na mimba ya ngapi. Aliyeandika alikuwa kijana mwenye haraka, na alipousikia usemi wa mwanamke aliinua macho. Niliusogeza mguu wangu mbele, tayari. Akauliza, "Mama, una mzio wa dawa yoyote?" Basi. Alifanyiwa upasuaji jioni ileile, akapata mtoto wa kike mwenye sauti kali. Nilikaa naye mpaka aliposimama, nikilala chini kwenye mkeka kama ndugu wengine wa wagonjwa. Gauni la meneja lilichelewa, naye hakulalamika.

Baada ya hapo nilikwenda kumwomba ofisa wa uhamiaji aje studio. Nilimfuata mara kadhaa. Nadhani alikuja hatimaye ili nisimfuate tena. Alinipa shikamoo, akakaa wima, na kwa nusu saa alijibu maswali magumu kuliko aliyotegemea. Mengine alisema waziwazi hana jibu, atauliza wakubwa wake.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mwanamke wa Sengerema. Mtoto alikuwa akilia nyuma yake. Alitaja jina lake kamili hewani, na kijiji, na mwaka aliovuka, kisha akauliza anatakiwa kufanya nini ili aishi bila kujificha. Ofisa akamwambia aje ofisini, aje na mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu, na kwamba hawezi kumwahidi majibu, ila atapokelewa na yeye mwenyewe.

Alikwenda. Mwenyekiti alimsindikiza. Shauri lake bado halijaisha hadi leo ninapoandika, na bado anaitwa, anaulizwa, anarudi. Kila anapoitwa hunipigia simu kabla, tunapanga atakachosema, kisha anakifunga kitoto mgongoni na kwenda kwa miguu yake. Mimi kila Jumamosi saa nane ninaingia studio, ninavuta maiki karibu, na kuanza kwa kuwasalimu watu wa kwetu.