Mguu Mwekundu, Mguu Mweusi

Mjomba wangu alikuwa anazika viti. Mtu akisikia hivyo anadhani nasema uongo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anachonga vile viti vidogo vya miguu mitatu ambavyo wazee wetu kule Kitui wanakalia, anakisugua kiti mpaka kinang'aa, halafu anakibeba kama mtoto anaenda kukifukia kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi. Alikuwa na jino moja la mbele limekaa upande, akicheka unaliona jino kwanza ndipo unamwona yeye, na mke wake wa pili alikuwa na mambo yake, lakini hayo tuyaache. Kiti kinakaa humo mpaka mvua ikinyeshee vizuri. Kikitoka kimekuwa cha babu yake. Anakining'iniza juu ya jiko kishike moshi, mwisho anapaka mafuta ya ng'ombe pale tu makalio yanapogusa. Pale tu, si pengine. Watalii walikuwa wanavigombania.

Siku moja nilimuuliza mbona anaharibu kitu kipya.

"Kipya nani atakiangalia?" akasema. "Kipya ni mti tu."

Sikuelewa, na sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimetumwa maji. Shule nayo ilinishinda darasa la pili. Niliposhuka Nairobi nilikuwa najua kuchonga kidogo na kuchunga mbuzi, na Nairobi haikuwa inataka vyote viwili. Nikajifunza bati. Nimekaa mtaa wa Mashimoni miaka mingi nikitengeneza taa za koroboi, faneli za kumiminia mafuta, vyombo vya kulishia kuku, chochote kinachotoka kwenye mkebe uliotupwa. Kibanda changu kilikuwa karibu na pale watu wanachota maji, kwa hivyo habari zote za mtaa zilikuwa zinapita kwangu zikiwa bado mbichi.

Ni kwa hicho kibanda rafiki yangu alinipata. Jina lake nitaliacha likae alipo. Alikuwa mtu wa Magharibi, anaishi Kawangware, anatengeneza redio kwa duka dogo kule Riruta Satellite. Alikuja kutafuta mtu wa kumchomelea kitu kidogo kwa risasi ya kuyeyusha. Alipokitoa kwa mfuko, naona ni kama buibui wa bati, ana miguu miwili badala ya minane, na kichwa ni swichi ya redio.

"Hii ni nini?"

"Ni gari ya vita."

"Magurudumu yako wapi?"

"Haina. Inatembea."

Basi akakaa akanieleza, na chai yangu akaimaliza mpaka majani. Zamani aliwahi kukata nyasi kwa mzungu mmoja upande wa Lavington. Huyo mzungu, mtu mzima na mvi zake, alikuwa na meza kubwa amejaza vilima vya karatasi, na juu yake askari wadogo kama kidole, na hizo mashine za miguu. Ni mchezo. Watu wawili, kila mtu na upande wake, mnapimiana na rula, mnarusha dadu, mashine yako inatembea au inalipuka. Mashine zenyewe ni za kesho, lakini kesho kama ile watu wa kale walikuwa wanaifikiria: zina mabomba ya moshi, taa kubwa kama ya gari moshi, na vichwa vya misumari vimepangwa kila mahali. Mzungu aliporudi kwao alimwachia katoni moja ya askari na kitabu cha picha. Kizungu chake kilimshinda rafiki yangu, mimi ndiyo kabisa, kwa hivyo nusu ya sheria tulijitungia.

Ndiyo hivyo nilianza. Nilikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Bibi, mke wangu, alisema, "Wanaume wazima, mnacheza kama watoto."

Yeye ndiye alikuwa anajenga. Alikuwa anapitia mafungu ya vitu vya kuchezea vilivyovunjika pale soko la Toi, anachagua kama mwanamke anayechagua nyanya. Gari lisilo na magurudumu linakuwa kifua. Eriali ya redio inakuwa mguu, kwa sababu unaweza kuirefusha ukitaka. Kifuniko cha dawa ya meno, kiberiti cha gesi kilichoisha, kidude cha kunyolea ndevu, yote ilikuwa mashine ikingoja. Lakini akimaliza anapiga rangi ya kung'aa, anakuja nayo kama mtu anayekwenda kubatizwa.

"Hii imenunuliwa leo asubuhi?" namuuliza. "Vita gani imepigana hii?"

"We Mkamba, unataka niitoe kaburini?"

"Eeh. Itoe kaburini."

Hapo ndipo mjomba wangu alinirudia na jino lake. Nikamwambia aniachie kazi ya kuzizeesha. Nilikuwa naloweka ule waya wa kusugulia sufuria kwa siki mpaka maji yanakuwa ya kutu, napaka. Natia rangi ya hudhurungi kwanza, nikinyunyiza chumvi ikiwa mbichi, juu yake rangi ya kijani, ikikauka nasugua chumvi inatoka na rangi, unaona chuma kimeambukizwa. Moshi wa koroboi nilikuwa nao bure. Na kutu haianzi popote tu. Inaanza pale maji yanapokaa, chini ya mlango, kwenye kiungo cha goti. Ukiipaka kila mahali umefanya uji.

Mwisho kabisa ni udongo wa miguu. Huu tulikuwa tunachekecha na soksi ya mwanamke. Yeye mashine za upande wake alitia udongo wa Kawangware, mwekundu kama matofali. Mimi za upande wangu nilitia matope ya hapa Mashimoni, meusi, ya mtaro, yana majivu na mafuta na Mungu anajua nini. Kwa hivyo hata zikichanganyika mezani unaangalia miguu tu, unajua ni ya nani.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakuja kwa miguu, anapita Ngong Road, anashukia Makina, anafika viatu vikiwa vyekundu mpaka kwenye kamba. Bibi anamwambia avue. "We Mluhya, umetuletea shamba lote." "Nimeleta mbolea, mama, hapa kwenu hakuoti kitu." Tulikuwa tunatukanana hivyo siku nzima. Mkamba mlozi, Mluhya tumbo. Hakuwahi kuniita kitu kingine. Mimi pia.

Mwaka ule wa elfu mbili na saba tukaanza mashine tuliyoiita Shosho, yaani bibi kizee. Hii ilikuwa kubwa, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Tulikubaliana haitakuwa ya upande wowote. Itasimama katikati ya meza, na mwenye kuifikia kwanza ndiye anapanda. Kwa hivyo mguu mmoja utakuwa mwekundu na mmoja mweusi, kusiwe na mtu wa kusema ni yake. Mimi nikabaki na mwili: mkebe wa maziwa ya unga, kioo cha tochi kwa jicho, misumari ya viatu nimeipanga mpaka macho yakauma. Yeye akachukua miguu, kwa sababu magoti ni ya cheni ya baisikeli na huo ulikuwa ujanja wake. Nikampa na kopo la matope ya hapa akapakie ule mguu wangu.

Desemba akanipigia simu. "We Mkamba, Shosho ameshavaa viatu. Tukimaliza kupiga kura namleta."

Nimechoka kusimulia mambo ya wiki zile za baada ya kura, na kila mtu aliyekuwa hapa ana yake, mengine makubwa kuliko yangu. Kulikuwa na moshi, halafu kulikuwa na moshi mwingine. Unga uliisha madukani, kadi za simu zikaisha, sauti za bunduki zikawa kama za mlango wa jirani. Toi iliungua, na yale mafungu ya vitu vya kuchezea yakaungua nayo, na aliyekuwa anayauza sikujua alienda wapi. Halafu mtu wetu wa Ukambani akaingia serikalini, upande ule ule mtaa wetu ulikuwa unaupinga. Asubuhi yake kijana mmoja ninayemjua tangu akitambaa akasimama kwa kibanda changu na mtungi wa maji.

"Buda, nyinyi mmetuuza."

"Mimi nauza koroboi," nikamwambia.

Hakucheka. Akachukua maji yake akaenda. Siku hizo nilikuwa nakaa ndani na bibi tumezima redio, na juu ya kabati mwili wa Shosho unatuangalia na lile jicho la tochi, hauna miguu. Nilikuwa nauinamisha ukutani usianguke. Nilikuwa najiambia kama miguu iko salama basi na mwenyewe yuko salama. Kwenye simu yake nilikuwa napata yule mwanamke wa kusema hapatikani. Sikuwa nataka kingine siku hizo. Sikuwa nafikiria nani ameshinda. Nilitaka aje, anitukane, tumsimamishe Shosho.

Wakubwa wakapatana. Watu wakaanza tena kusalimiana, polepole, kama waliotoka hospitali. Na Jumapili moja, mchana, naona mtu amesimama mlangoni, amekonda, ana mfuko wa plastiki.

"Habari ya hapa, Mzee," akasema.

Mzee! Niligeuka niangalie kama kuna mtu nyuma yangu.

"We Mluhya!" nikasema, lakini hata mimi nikasikia imetoka vibaya, kama tusi la kweli. Bibi akainuka haraka akaweka maji ya chai. Hakumwambia avue viatu. Niliviangalia. Vilikuwa safi. Kwa mtu ametembea kutoka Kawangware vilikuwa safi sana.

Akatoa miguu ya Shosho kwa gazeti. Magoti yanapinda vizuri, yanakaza yenyewe, kazi ya mtu anayejua. Lakini ilikuwa inang'aa. Hakuna nyekundu, hakuna nyeusi. Hata kutu imesuguliwa.

"Umeiosha?"

"Niliosha, Mzee."

"Mbona?"

Akakaa. "Nilijaribu kuja mwezi wa kwanza. Huko barabarani vijana walikuwa wanaangalia watu viatu. Ukiwa na udongo mwekundu wanajua umetoka wapi, wanakuuliza unaenda kwa nani. Nikarudi nyumbani nikaosha viatu. Nikaona na hii miguu kwa mfuko. Nikaiosha pia."

"Sasa vijana waangalie miguu ya mkebe?"

"Mzee, siku zile ningeweza ningeosha hata ulimi."

Bibi alicheka kidogo, akaacha katikati.

"Na nyumba?" nikamuuliza.

"Nyumba imeisha."

"Imeisha aje?"

"Imeisha tu. Mwenye ploti aliambiwa watu kama sisi watoke. Alikuwa mtu mzuri. Alikuja kunisaidia kubeba godoro."

Nikawasha jiko nikapasha chuma changu cha kuchomelea. Hilo najua. Nikaunga mguu mmoja, nikaunga wa pili, yeye ameshika mwili na vidole viwili, anajua pa kushika moto usimpate. Tulipoachilia, Shosho akasimama. Hakuyumba. Juu amezeeka, ameliwa na kutu ya miaka yote ya uongo niliyompa, chini anang'aa kama mzee aliyeazima suruali ya harusi. Siku nyingine tungecheka mpaka majirani wagonge ukuta.

"Udongo mweusi uko hapo nje," nikasema. "Mwekundu ndiyo sina."

"Paka huo wa hapa miguu yote miwili."

"Si tulisema mguu mmoja mmoja?"

"Tulisema. Paka tu, Mzee."

Nikatoka kwa mtaro, nikachota kwa kijiko, nikapaka mguu wa kushoto peke yake, nikadondosha udongo vizuri kwenye goti. Ule mwingine nikauacha.

"Huu utangoja," nikamwambia. "Ukipita tena kule utanifungia kidogo kwa karatasi."

Aliuangalia ule mguu mtupu muda mrefu. Halafu akapanga askari wake. Tukacheza. Alirusha dadu, akasogeza. Nikarusha, nikasogeza. Bibi akamwekea chai, kikombe kile chake kikubwa, na sukari anavyopenda. Alikunywa funda moja akakiweka. Askari wake walikuwa karibu na Shosho kuliko wangu, angeweza kupanda kwa rusho moja tu. Dadu ilikuwa mkononi mwake. Akaiweka mezani, taratibu, akasimama, akajifuta magoti.

"Nakuja," akasema.

Hapa Nairobi ndivyo mtu husema akitoka. Anaenda, anasema anakuja, na hakuna anayeuliza. Nikasema sawa. Aliinama kupita chini ya kamba ya nguo, akapita wale wanaongoja maji, akashika njia ya Makina. Hakuwa na haraka. Mfuko wake wa plastiki aliuacha kwenye kiti, una lile gazeti tu ndani.

Sijamwona tena mpaka leo, na simu yake ilikuja kuwa ya mtu mwingine.

Lakini siku hiyo hatukujua. Nilikaa tu sikugusa meza, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Bibi akaja akafunika ile chai na kisahani isipoe.

"Amekwenda wapi?"

"Amesema anakuja."