Gari Lililosema Siku za Mvua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitika.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha hivi: sauti usiyoijua ikikuita, nyamaza. Ikirudia, nyamaza. Ikifika mara ya tatu ndiyo uitike, maana kisicho mtu hakifiki mara ya tatu. Nilipigwa kofi kwa ajili ya somo hilo nikiwa mdogo, na mie nikampiga binti yangu kofi kwa somo hilo hilo. Lakini asubuhi ile, masika ndiyo kwanza yanaanza, niko uani kwangu Chamazi naanua kanga mbiombio zisilowe, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu. Sauti laini, yenye adabu zake. Ulimi ukanitangulia.

"Abee!"

Hapakuwa na mwanamke yeyote. Palikuwa na gari la binti yangu, naye yumo ndani, kawasha injini aende kazini, anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Mama, unaitikia redio?"

Nikasogea nikachungulia. Redio ilikuwa imezimwa. Na sauti ile ikasema tena, maneno yale yale, taratibu, kwa Kijapani, kisha ikanyamaza. Kanga nikazisahau, zote zikalowa.

Gari lenyewe alilileta kaka yangu. Mtu mzima, ana wajukuu, kaagiza Japani gari la spoti la milango miwili, jeupe, fupi, ukikaa ndani unahisi makalio yanaburuzwa kwenye lami. Alilifaidi miezi miwili. Kiuno kikakataa, akawa anatoka ndani kwa kutambaa kama mtoto anayejifunza kusimama. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza kaajiriwa uuguzi, kapangiwa zahanati ya kule Kimbiji, ana leseni ya miezi minne. Mjomba akamkabidhi funguo mbele ya watu, vigelegele vikapigwa, na mie nikapiga.

Ila roho yangu haikutulia. Vigelegele vilipokwisha nilimvuta pembeni nikamuuliza kaka waziwazi. Mtoto mchanga kwenye usukani, gari lenye mbio namna hii, masika hayo yanakuja, njia ya Kimbiji unaijua. Ni salama?

"Dada, usinitukane," akasema. "Gari hili limetoka Japani juzi tu. Hujaona?"

Akanizungusha kunionyesha. Viti bado vina nailoni zake. Kioo cha nyuma bado kina karatasi yenye maandishi ya Kijapani. Mtaani kwetu anayebandua vitu hivyo anahesabiwa mshamba, hajui thamani ya kitu. Na tairi, akasema, tairi ndizo zile zile zilizokuja nalo, tazama kashata zake, yale matuta ya mpira, zilivyo nene, kidole kinazama. Jirani yetu alikuwa amemshauri aweke mpya za dukani. Kaka alicheka kwa dharau. "Nitoe tairi za Japani niweke za dukani? Nimerogwa?"

Nami nikashawishika, sitadanganya. Nilikuwa nazifuta tairi zile kwa kitambaa kila Ijumaa. Ubavuni zilikuwa na kipicha kidogo: kilima chenye vilele vitatu, na ndani ya kilima ua lenye ncha sita. Mie kazi yangu ni kudarizi kofia, jicho langu haliachi ua. Nilichukua penseli nikalichora kwenye boksi la viatu, kisha nikamdarizia kaka kofia kwa uzi wa samawati iliyopauka. Ikatoka kofia ya kutamanisha. Ua hilo hilo nikalitia kwenye mto wa kiti cha binti yangu, aegemeze mgongo.

Sasa, sauti ile haikusema kila siku. Jua likiwaka, kimya. Wiki nzima kimya. Mvua ikidondoka tu, gari likiwashwa, anaanza. Na njiani anarudia. Binti yangu alimbatiza jina: Bibi. "Bibi kaamka leo," ananiambia huku anafunga mkanda. Mie sikuona cha kuchekesha. Nilifukiza ubani humo ndani milango imefungwa, nikasoma Ayatul Kursi mara saba, nikapulizia pande nne.

"Mama jamani, yunifomu yangu inanuka maziko. Wagonjwa watadhani nimekuja kuwaosha."

"Cheka. Aliyeitika si wewe."

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Aliyeitika ni mie. Kama kuna kitu kilibisha hodi, aliyekifungulia ni mie, na anayekibeba kila siku ni mwanangu.

Siku moja nikapanda naye, nikajidai nafuata samaki Kimbiji. Tulipofika Kongowe mvua ikaanza, na Bibi akasema. Nilikuwa namtazama mwanangu mguuni. Mguu wake uliinuka wenyewe kwenye mafuta, polepole, bila yeye kunitazama wala kusema neno. Nikaona hata mguu si wake tena.

Tumeipita Kibada, kwenye kona, gari likahama. Sina neno jingine. Halikuruka, halikutikisika, wala halikupiga kelele. Nyuma yake ilisogezwa pembeni kwa upole, kama mtu anavyokusogeza kwa kiganja apite. Mbele ya kioo nikaona minazi, kisha kibanda cha chipsi, kisha minazi ya upande mwingine. Halafu tukanyooka, tukaendelea.

"Umeona?" nikamuuliza. 

"Limeteleza, mama. Barabara ina maji."

"Limevutwa. Kwanza likaitwa, kisha likavutwa."

Alikamata usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. 

Jioni nilimwambia gari hili aliache. Akaniuliza afike vipi zamuni saa moja asubuhi, kutoka Chamazi mpaka Kimbiji, masika haya? Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo kila mzazi huyasema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mungu anisamehe kinywa changu.

Jumapili, yeye kaenda harusini na shoga zake, nikamwita fundi wa umeme wa magari kutoka Manzese. Alikuja na boda na begi lake. Nilimwambia ninachotaka: sauti hii itoke. Akawasha gari, akalimwagia maji puani kwa ndoo, Bibi akasema. Fundi akasikiliza, kichwa upande.

"Mama, hiki hakina ubaya. Ni kifaa, kinatangaza tu."

"Kinatangaza nini?"

"Kijapani hicho, mie nitajuaje?"

"Basi kama hujui, kata."

Akakata. Alitoa kwenye dashibodi kispika kidogo cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, na nyaya mbili zinaning'inia. Nikakifungia kwenye kopo langu la nyuzi, pamoja na punje ya ubani. Binti yangu sikumwambia. Nilijiona nimemwokoa, na haki ya Mungu usingizi wa siku ile sijaupata tena.

Jua likawaka siku kumi. Siku ya kumi na moja akaondoka asubuhi, wingu liko upande wa bahari tu, kwetu pakavu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nenda salama. Nikakaa kizingitini na kofia yangu magotini, kopo la nyuzi ubavuni. Haikupita saa, mvua ikafika uani.

Nikamsikia.

Maneno yale yale, adabu ile ile. Nikainua macho. Uani palikuwa wazi, zimebaki alama za tairi pale gari lilipolala, nazo zinaloa mbele ya macho yangu. Niliziba mdomo kwa mikono miwili nisije nikaitika. Akasema mara ya pili. Kopo sikulitazama, sikuthubutu. Nikawa nasubiri anyamaze, maana kisicho mtu hakifiki mara ya tatu.

Akasema mara ya tatu.

Mie nimeisikia kwa masikio yangu, na anayetaka kunibishia anibishie. Nilikuwa bado nimeziba mdomo simu ilipolia. Mwanamume nisiyemjua akaniuliza kama mie ndiye mama wa nesi mwenye gari jeupe, akaniambia nisiogope, yuko hai.

Alikuwa hai, ndiyo. Paja la kushoto limevunjika vipande viwili, na mtulinga. Gari lilikuwa limetoka barabarani kwenye kona ile ile, likageuka, likaenda kulala kwenye mtaro kinyumenyume. Siku mbili za mwanzo alikuwa analewalewa na dawa, akifumbua macho ananitazama kisha anapotea. Kaka yangu alisimama pembeni ya kitanda, akatikisa kichwa, akaanza: "Ndiyo wazee walisema, asiyesikia la mkuu..." Nilimwambia afunge mdomo wake. Nilimwambia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Siku ya pili tulikwenda kuchukua mkoba wake. Gari lilikuwa limevutwa hadi kwa fundi mmoja wa tairi Kibada, mzee mwenye ndevu nyeupe. Tulimwamkia. Hakutaka kutuonyesha lililobonyea. Alichuchumaa, akafuta tope kwenye tairi kwa kiganja.

"Nani kawaacha na tairi hizi masika haya?"

"Za Japani hizo," kaka akasema. Hata pale, jamani, alisema kwa kujivuna.

"Za Japani, ndiyo. Za msimu wa theluji." Akaubonyeza mpira kwa ukucha, alama ikabaki. "Umefanywa laini ushike kwenye barafu. Huku kwetu joto linaulegeza zaidi, na lami ikiwa na maji unapita tu. Gari zito kidogo litavumilia. Hili jepesi, lina nguvu nyuma, na dereva mtoto." Kisha akagusa kile kipicha. "Hamkuona alama? Hapa pameandikwa."

"Si ua hilo?" nikauliza.

"Si ua, mama. Ni theluji."

Kaka alikuwa amevaa kofia yangu. Aliivua, akaikunja, akaitia mfukoni, na mpaka leo sijaiona kichwani mwake.

Siku ya tatu binti yangu akaamka sawasawa. Akaomba maji. Nikamnywesha, nikamfuta kidevu. Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo jeupe la plasta mpaka kiunoni. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la wodi, na nikamwona anaisikiliza.

"Mama," akasema, "mbona siku ile Bibi hakusema?"

Ningeweza kunyamaza. Nilifungua mkoba wangu nikatoa kile kispika, nikakiweka juu ya shuka.

"Nilimtoa mie."

Akakishika kwa mkono mzima, akakigeuzageuza. Nilidhani atapiga kelele, na ningependa angepiga.

"Ile siku ya kwanza ulipomwitikia," akasema, "alipoendelea kusema njiani nikamrekodi kwenye simu. Simu ikanitafsiria. Alikuwa anasema barabara huenda imeganda barafu, tafadhali punguza mwendo. Nilicheka peke yangu. Barafu Chamazi! Nadhani maji yalikuwa yakiingia kwenye kipimajoto chake, gari linadhani liko kwao, baridi kali. Lakini nikawa napunguza. Kila akisema, napunguza. Niliona vibaya kumpuuza, kama mtu mzima vile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema jini linadanganya."

Ningesema. Ningeongeza na ubani.

Akakirudisha kispika mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninalolia nalo mpaka leo.

"Mvua ilinikutia Kongowe," akasema. "Nikatega sikio. Kimya. Nikajua basi, leo njia ni nzuri. Nikakanyaga mafuta, mama. Nilikuwa namngoja aseme."