Seneta Niliyemfunga Kitambaa Shingoni

Chekeni, lakini niacheni nianze mimi. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee huku ughaibuni, mjini Coon Rapids, na sharti letu la kwanza ni kwamba mzee aliyepotewa na kumbukumbu habishiwi. Akisema yeye ni rubani, muulize ndege inaruka saa ngapi.

Basi nikamkuta babu mmoja kwenye korido, tai imempinda, anahangaika na milango. Nikajua ndiye mkaazi mpya tuliyeambiwa anakuja.

"Mimi ni seneta kutoka Ireland," akasema.

"Naam, mheshimiwa!" Nikamshika mkono hadi mezani.

Akadai amepigania matibabu na pensheni za wazee bungeni miaka mingi. Nikamwomba atuhutubie. Akahutubia! Nikampigia vigelegele, nikamfunga kitambaa shingoni, nikawa namlisha uji, kila hoja na kijiko chake.

Mara meneja akaingia anahema, wapiga picha nyuma yake. "Seneta! Tumekutafuta jengo zima!"

Kijiko kikaniganda hewani. Nikaiona kazi yangu ikipaa na ndege ya yule rubani.

Babu akameza, akajipangusa mdomo. "Ngojeni nimalize. Bungeni sijawahi kupigiwa vigelegele."