Rundo la Magunzi

Msimu wa kwanza wa mahindi baada ya kifo cha mke wangu, niliita mashine.

Kwetu Tongaren mahindi hupurwa kwa zamu. Yakishakauka na kumenywa maganda, nyumba moja hutaja siku yake na majirani huja asubuhi, kila mtu na fimbo yake. Mahindi humwagwa juu ya kichanja cha fito, chini yake hutandikwa turubai, kisha watu huyapiga hadi punje zidondoke na magunzi yabaki juu. Siku nyingine kundi huhamia kwa jirani wa pili. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba hutoa chai na viazi vitamu, na mchana ugali na mboga. Jioni wanawake hufunga magunzi kwenye leso na kuondoka nayo kichwani, kwa sababu gunzi kavu hushika moto upesi.

Miaka mingi niliishi Matisi, pale Kitale, nikitengeneza redio. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizoharibika na kusoma vitabu vilivyokwisha majalada. Mke wangu alibaki shambani na mimi nilikuja kila Jumamosi. Siku ya zamu yetu nilikuwepo kila mara, lakini niliihesabu kuwa siku ya kazi tu. Sikujua kwamba nilikuwa nakusanya kitu kingine: mlio wa fimbo zisizopatana mwanzoni halafu zikapatana zenyewe, vumbi jeupe kwenye nyusi za watu, na chai ya mke wangu yenye tangawizi nyingi mno, ambayo kila mtu aliilalamikia na kila mtu aliomba aongezewe.

Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba. Watoto wetu walirudi makazini kwao, mbali. Nilifunga duka langu nikahamia shambani, kwa kuwa sikuona vyema kaburi likae na nyumba iliyofungwa.

Mahindi yalipokauka, nilikaa nikafikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri mbele ya redio isiyotoa sauti. Watu wakija, watakula nini, na nani atawapikia? Mimi najua kupika chakula cha mtu mmoja. Niliona kwamba mwanamume anayeita kundi la watu kwenye nyumba isiyo na mpishi anawabebesha mzigo. Jibu likaonekana wazi. Niliagiza mashine ya kupukuchua kutoka Kitale, ije ikivutwa na trekta. Nilidhani ninawahurumia.

Ilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Vijana wawili waliojifunga vitambaa mdomoni waliilisha mahindi upande mmoja, punje zikatoka safi upande wa pili, na magunzi yakarushwa kando ya ua. Mmoja wao alizima injini, akatazama huku na huku.

"Mzee, watu wako wapi? Ama hapa unaishi na kuku peke yao?"

Nikamwambia watu wapo. Trekta lilipoondoka nilimsikia njiwa kwenye mti wa mgrevilea, na hakuna sauti nyingine iliyofuata. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama. Rundo la magunzi lilinifika kifuani, nami nikangoja wanawake waje kuyachukua. Siku hiyo hawakuja, wala iliyofuata.

Zamu ilipofika kwa jirani yangu wa upande wa mtoni, nilichukua fimbo nikaenda. Mume wake nimekua naye. Yeye mwenyewe alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu. Waliitana dada, na mimi ananiita shemeji. Niliwakuta watu wameshaanza.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umekuja kututembelea?"

"Nimekuja kazi."

"Kazi gani tena, bana? Mtu wa mashine akishika fimbo si atatoka malengelenge?"

Watu wakacheka. Mume wake akaongeza, "Ama umeleta habari ya kutuuzia mashine? Sisi hatuna pesa, ndugu yangu. Sisi ni watu wa mikono."

Nikacheka pia, kwa sababu utani wetu ndivyo ulivyo na nilitarajia baada ya hapo mtu asogee nipate nafasi kwenye kichanja. Badala yake nililetewa kiti. Kiliwekwa kivulini, juu yake kitambaa, nikapewa kikombe chenye sahani chini, jinsi anavyopewa mgeni wa kutoka mbali. Siku ya zamu hakuna anayekaa. Hata mzee asiye na nguvu hupewa kazi ya kuokota punje zilizoruka. Mimi nilikaa, nikitazama migongo ya watu ninaowajua tangu utotoni. Nilisimama mara moja, na yule shemeji yangu akasema kwa upole, "Kaa tu, pumzika." Upole huo ulifunga mlango vizuri kuliko matusi. Nilipoaga, alinisindikiza hadi njiani. Majirani hawasindikizani.

Nilielewa nikiwa njiani na fimbo yangu isiyo na vumbi. Wameniondoa kwenye zamu. Na kwetu zamu si ya mahindi peke yake. Watu wale wale ndio huja ng'ombe akikwama, au mtu akizidiwa na ugonjwa. Kaburi la mke wangu ni wao waliolichimba. Nikibaki nje ya zamu, nitakuwa mtu mwenye shamba Tongaren, basi. Ningeweza kuwa hivyo mahali popote.

Siku zilizofuata tulisalimiana kwenye ua kama kawaida. Habari, nzuri, kisha hakuna la kuongeza. Hakuna aliyekuja kuazima chumvi au kuuliza kama redio yangu imetaja mvua. Mvua yenyewe ilinyesha ghafla, nje ya msimu, ikalowesha rundo la magunzi. Sikulifunika. Asubuhi nilikuwa nikilipita nikienda kukamua, nikijilazimisha kutazama upande wa Mlima Elgon.

Nyuma ya nyumba, karibu na kaburi, nilikuwa na kipande kidogo cha maharagwe. Mbegu ilikuwa ya mke wangu, aliihifadhi kwenye kibuyu chenye majivu. Niliyang'oa, nikayaanika. Mtu mmoja angeweza kuyapura kabla jua halijawa kali. Nilijua hivyo vizuri. Hata hivyo nilikwenda kwa jirani yangu, nikamkuta akipepeta mtama.

"Hodi."

"Karibu, shemeji. Kwema?"

"Kwema. Maharagwe yangu yamekauka. Naomba watu Jumamosi."

"Maharagwe gani? Yale ya nyuma ya nyumba? Si hayo hata kuku watayamaliza!"

"Hayo hayo."

"Na mashine yako?"

"Haipuri maharagwe."

"Ati haipuri." Akapepeta mara mbili tatu bila kunitazama. "Kwa hivyo ingekuwa inapura, hatungekuona."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno, lakini yote yalinitoka. Nikasema lililobaki.

"Shemeji, sikuwa na mtu wa kuwapikia."

Akaweka ungo chini.

"Ulidhani tunakuja kula?"

Nikainama kuokota punje za mtama zilizoruka.

"Sisi tulikuwa tumeshapanga. Mimi nilete sufuria ya mboga, yule wa huko juu alete unga, wengine maziwa. Dada yangu hayuko, lakini jiko lake mimi nalijua. Tukawa tunangoja tu utaje siku." Akakung'uta mikono. "Tukasikia trekta."

Jumamosi walikuja. Si wote; wa nyumba mbili hawakuja, na sikuwauliza sababu. Yeye alitangulia, sufuria kichwani, akaingia jikoni mwangu bila hodi. Tangu matanga, hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameingia humo. Nilikuwa nikitandika turubai niliposikia vifuniko vikigongana na sauti yake ikipaa: "Shemeji! Chumvi umeificha wapi, kaburini?" Watu wakashtuka, kisha mume wake akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka nikalazimika kuinama. Ni mzaha ambao mke wangu angeupenda.

Maharagwe hayakuchukua muda. "Haya ni ya sufuria moja tu," mmoja akalalamika, "tumeitwa kwa dharau." Mwingine akajibu, "Ngoja, si tuite trekta limalizie." Nilipigwa na maneno hayo kutoka kila upande, nami nilikuwa nimesimama katikati yao, fimbo mkononi, nikipiga panapopigwa. Chai nilipika mwenyewe. Niliweka tangawizi nyingi. Waliilalamikia.

Kabla ya kuondoka, wanawake walikwenda kwenye rundo. Mmoja alifukua kwa mguu. Juu magunzi yalikuwa yameshika ukungu, lakini chini yalikuwa makavu. Wakafunga kwenye leso, wakaondoka nayo kichwani, wakiongea wote kwa pamoja hadi sauti zikapotelea upande wa mtoni.

Nyumba ikanyamaza tena. Sitasema kwamba ukimya ule ulikuwa umebadilika. Kigoda cha mke wangu kilikuwa kando ya jiko, na hakuna aliyekikalia siku nzima, hata yule shemeji yangu aliyepika akiwa ameinama.

Mezani ilibaki sufuria yake, imeoshwa na kufunikwa. Labda aliisahau, ingawa si mtu wa kusahau vyombo. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mke wangu alikuwa akivijaza, nami nilimwona mara nyingi bila kumuuliza kipimo. Nilimwaga maharagwe kwenye ungo, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikachambua: mawe kando, yaliyotobolewa na wadudu kando, yaliyonyauka kando. Niliijaza sufuria hadi ukingoni, nikapunguza kidogo ili kifuniko kishike, kisha nikashika njia ya mtoni kabla jua halijazama.