Miche ya Siku Moja

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haja ya kuzificha. Mwaka ule zote nilizielekeza kwa makampuni makubwa ya teknolojia, yale ya ng'ambo yanayotuuzia simu kisha yakatujibu maswali yetu kwa simu hizo hizo. Leo nasoma kwamba kampuni fulani imeahidi kuondoa moshi wote inaoupeleka angani, kesho nasoma kwamba kampuni hiyo hiyo inajenga ghala jingine la mashine za akili bandia, mashine zisizolala, zinazokunywa umeme na maji bila kushiba. Wakati wa chai nilikuwa nikiwahutubia walimu wenzangu mpaka mmoja akaniuliza habari hizo nazipata wapi. Nikamwonyesha simu yangu. Walicheka hadi chai ikamwagika mezani, nami nikatoka nje nimenuna.

Ndipo shangazi yangu akanipigia akitaka niwe mkalimani wake. Shangazi, dada wa marehemu baba, ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaopanda mikoko kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu nyuma ya Gede. Kikundi kinafadhiliwa na mojawapo ya makampuni yale niliyokuwa nikiyasema. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza: kampuni inachafua hewa huko kwao, mikoko inaisafisha huku kwetu, na mwisho wa mwaka wanasema wametoka sare. Sasa kampuni ilikuwa inamtuma mtu aje aone kwa macho yake, na mkalimani wa ile ofisi ya Nairobi inayosimamia mradi alikuwa amepata udhuru.

Shangazi alikuwa na haja yake katika ziara hiyo, wala haikuwa siri. Nyuma ya nyumba yake kuna kisima kinachonywesha nyumba nne. Zamani ukingo wa hori upande ule ulijaa michu, miti ya jamii ya mikoko ambayo majani yake kwa chini yana rangi ya majivu. Ilikatwa kidogo kidogo kwa kuchomea chokaa, na babu yangu alikuwa miongoni mwa wakataji, kwa hiyo hapo sina wa kumlaumu ng'ambo. Ukingo ulipobaki mtupu ukaanza kumeguka. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari ikawa inaingia shambani hadi karibu na kisima. Maji ya kisima yakaanza kuonja chumvi, na mwanzoni tulisingizia sufuria.

Shangazi alitaka jambo moja tu: michu irudi pale ukingoni kabla kisima hakijaharibika kabisa. Lakini ramani ya mradi, iliyochorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka juu, ilionyesha kwamba nafasi iko upande wa pili wa hori, kwenye tope la wazi. Ni kweli nafasi iko. Iko kwa sababu hapo mawimbi hupita kila siku na hakujawahi kumea kitu tangu bahari iwe bahari. Kina mama walisema hivyo tangu siku ya kwanza. Wakaambiwa ramani haibadilishwi bila idhini ya kampuni, wapande ilivyochorwa. Walipanda, miche ikafa. Walipanda tena, ikafa tena.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, tulikwenda kukagua. Safu zilikuwa na mapengo kama kinywa cha bibi kizee. Shangazi alisimama katikati ya tope, mkono kiunoni, leso imefungwa kifuani, akatazama huku na huku.

"Mtu ametoka kwao huko kote," akasema, "tuje tumpokee kwa matanga?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kina mama walishika ndoo wakaingia chini ya mikoko mikubwa, wakaokota mbegu zilizodondoka, zile ndefu za kijani zenye ncha, wakarudi kuzichomeka kwenye mapengo yote. Kwetu akija mgeni ua hufagiwa, godoro huazimwa kwa jirani, kikombe chenye ufa hufichwa. Hata mgonjwa wa kitandani akiulizwa hali hujibu kwanza "sijambo", ndipo akaeleza kinachomuuma. Hakuna anayeita hayo uongo. Na shangazi alikuwa na hesabu zake: mgeni akishafurahi, akishakula, ndipo haja hutajwa, na mtu aliyeshiba husikiza.

Mimi nilipanda safu ya tatu peke yangu, na nilipanda kwa furaha. Nilijiambia hawa wanaidanganya dunia nzima, basi nao wadanganywe kidogo waone utamu wake. Nilijiona mjanja. Haikunipitia akilini, mimi niliyesoma, kwamba mgeni akiona miche imestawi kwenye lile tope ramani haitabadilishwa kamwe, na kwamba tulikuwa tunakifukia kisima kwa mikono yetu wenyewe.

Mgeni alifika asubuhi, maji yakiwa yametoka. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mfanyakazi wa idara ya mazingira ya kampuni hiyo. Mtu alikuwa amemfundisha neno shikamoo bila kumwambia wa kumpa, basi alimpa kila aliyemkuta njiani, mimi pamoja na vitukuu wa jirani. Nilikasirika kidogo kuzeeshwa. Lakini alivua viatu bila kuombwa, akakunja suruali, akaingia kwenye tope hadi magotini, na nikawaona kina mama wawili wakitazamana kwa kuridhika.

Akauliza miche inaendeleaje. Nikatafsiri.

"Alhamdulillahi, haijambo," shangazi akajibu.

Nikamwambia mgeni kwamba miche haijambo. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Akachuchumaa kwenye safu ya tatu, safu yangu. Akaomba ruhusa, kisha akaushika mche mmoja na kuuvuta taratibu. Ukatoka kama kisu kwenye siagi, hauna hata mzizi mwembamba kama uzi. Akaugusa mwingine pembeni yake, mmoja wa ile michache iliyokuwa hai kweli. Huo uling'ang'ania. Akatazama mstari mzima, akatazama nyayo zetu za jana ambazo maji hayakuwa yamezifuta zote. Natamani niseme nilikuwa jasiri. Nilichotaka ni tope lile linifunike.

"Hii imepandwa lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Ningeweza kujibu mwenyewe lolote, maana wengine hawakujua Kiingereza. Nilimgeukia shangazi nikamtafsiria swali. Shangazi aliutazama ule mche mkononi mwa mgeni.

"Mwambie jana," akasema. "Mwambie ile ya kwanza ilikufa, na tuliona haya."

Nikamwambia. Binti yule aliurudisha mche mahali pake, akaufukia vizuri kwa kiganja, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote lakini lilinigusa. Kisha akasema kwamba hata ofisini kwao, mkubwa akija, hutafutwa mchoro wa takwimu wenye mstari unaopendeza akaonyeshwa huo, na ile mingine ikabaki kwenye mtoto wa meza. Nilipotafsiri, kina mama waliangua kicheko. Mmoja wao alicheka hadi akakaa chini kwenye tope.

Mimi sikucheka. Nikaona hapo ndipo pa kumpata, nikamuuliza swali langu mwenyewe ambalo hakuna aliyenituma: hizo ahadi zenu ni za kweli au ni mapambo? Niliuliza kwa ukali, kwa ile sauti ninayoitumia kwa wanafunzi wanaonakili.

Hakukasirika. Alisema walioziandika walikuwa wanazimaanisha, anawafahamu, na mmoja wao alilia siku zilipotangazwa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba zitakuja mashine zenye kiu kiasi hiki. Sasa ndani ya nyumba moja kuna wanaotaka kuitimiza ahadi na kuna wanaotaka kuongeza mashine, na mara nyingi ni watu wale wale. "Kuna siku naona tunashinda," akasema. "Kuna siku naona pambo lenyewe ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo ili nipate kuwa na haki. Sikuupata, na nilibaki sijui niipeleke wapi hasira yangu.

"Mnasemezana nini peke yenu?" shangazi akauliza. Nikamweleza yote. Akamtazama yule binti kwa muda, tope limemkaukia miguuni.

"Maskini," akasema. "Mlete kwangu aje anywe maji."

Kisimani alimtekea mwenyewe kwa kata ya kifuu cha nazi. Mgeni alipiga funda, uso ukabadilika, akameza, akashukuru.

"Asimeze kwa adabu," shangazi akaniambia. "Mwambie ateme."

Akatema. Ndipo shangazi alipoeleza haja yake, yote, kuanzia michu ya zamani na tanuri za chokaa hadi bamvua ya mwezi uliopita, akimwongoza mgeni kwa mkono hadi pale ukingo ulipomeguka, nami nikiwafuata nyuma nikitafsiri mbio mbio. Hakumsifu mtu wala hakumlaumu mtu. Alisema tu mti gani unafaa kupandwa wapi, na kwamba watu wa nyumba nne wanakitegemea kisima kile. Binti aliandika kila kitu kwenye kijitabu chake.

"Siahidi," akasema alipomaliza. "Nitaandika nilichokiona na nitaomba. Lakini siahidi."

Nilisita kulitafsiri hilo, nikiona litamvunja moyo shangazi. Alipolisikia aliitikia kwa kichwa, akamwingiza mgeni ndani kula wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Miezi ikapita. Kampuni ikatoa taarifa yake ya mwaka kuhusu mazingira, nami, kwa kuwa sikomi, nikaitafuta na kuisoma. Katika ukurasa mmoja tulikuwa sisi, katika picha aliyoipiga mgeni asubuhi ile alipofika: safu zilizonyooka, kina mama na leso zao, shangazi mbele akitabasamu, na chini yake maneno kwamba miche ya pwani ya Kenya inastawi. Damu ilinipanda kichwani. Nilikwisha kufungua mdomo nimwite mwenzangu aje aone uongo wa watu hawa, nikaiona safu ya tatu. Ile safu niliipanda mimi. Nikaufunga mdomo, na siku nzima nilifundisha vibaya.

Jioni nilimwandikia yule binti, tena bila adabu. Alijibu kesho yake. Aliandika kwamba katika taarifa yake alisema wazi miche ilikufa na kwa nini. Taarifa ilipita meza nyingi, na kwenye meza mojawapo wafu wakaondolewa. Maombi ya kuhamisha upandaji yalipita salama, maana huko juu hakuna aliyejali ni upande gani wa hori. Msimu ujao tungepanda ukingoni, michu, kama shangazi alivyosema. Mwishoni aliandika kwamba anaona aibu kuhusu picha ile, na kwamba anafikiria kuacha kazi. Aliniomba radhi, mimi mpanda miche ya siku moja.

Nilikwenda kwa shangazi na simu mkononi. Nilimsomea yote kwa Kiswahili, na picha nikamwonyesha, nikingoja awake. Aliitazama picha mara moja, akanirudishia simu.

"Wamekubali upande wa kisima?"

"Wamekubali."

"Hebu nisomee tena hapo."

Nikamsomea. Alishusha pumzi, akafunga macho, akamshukuru Mungu kimya kimya. Mimi sikuweza kunyamaza. Nikamwambia watu hawa wametuweka kwenye gazeti lao la uongo mbele ya dunia, na yule binti angalau ana haya, anataka kuondoka, na mimi namuunga mkono. Nikamwambia nitamwandikia usiku huo huo kumpongeza.

Shangazi alifumbua macho akanitazama kama ninavyotazamwa tangu utotoni nikisema jambo la kipumbavu kwa sauti kubwa.

"Mwandikie asiache," akasema. "Akiondoka yeye, kule atabaki nani aliyeyaonja maji yetu?"

Niliandika hivyo hivyo, na sikuongeza neno langu hata moja.