Shairi Nililolikata Pumzi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ambayo msumeno wa kiwanda ulinyamaza kabla ya saa yake, na wanawake wa mtaa wetu wa Gongo la Mboto wakaacha kila walichokuwa wakifanya. Zama za Mwingereza hizo. Magogo yalitoka msitu wa Pugu, yakapasuliwa mbao pale kando ya barabara, na sisi majumbani tulisikia mlio ule tangu jua likichomoza. Ukilia, waume zetu wazima. Ukinyamaza pasipo saa ya chakula, kila mmoja aliomba moyoni asiwe wake. Ni dua mbaya, maana ni kumwombea mwenzio msiba. Mimi niliiomba mara nyingi, sikufichi.

Mume wangu Shomari alikuwa msukuma magogo. Mimi nilisoma Kurani chuoni na madarasa machache tu ya shule, lakini mjomba wangu Hamisi, aliyekuwa mwalimu, alinifundisha kutunga mashairi. Alikuwa na kitabu cha washairi wa Marekani, akitufasiria barazani kwake. Alisema huko miji imejaa moshi na mitambo, na washairi wameacha vina vya wazee wao. Wanakata mistari mifupi kama vipande vya chuma. Wako wanaousifu mtambo kama bwana harusi. Wako wanaouliza majina ya watu uliowameza. Sikio langu lilishika sifa, swali likapita.

Basi nikamtungia Shomari shairi la kazi: "Sukuma gogo, sukuma, mbao zizaliwe leo." Mizani nane, kituo cha kupumua, mizani nane. Kwa nane za kwanza walisukuma. Kwenye kituo walirudisha mikono na kuvuta pumzi. Kwa nane za pili waliweka sawa gogo jingine. Kiwanda kizima kikaliimba. Jirani yangu Bi Zaina akanitania kisimani, "Shoga, wenzio tunaimbiwa na waume, wewe unaimbiwa na msumeno." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilianza kulitia.

Ikaletwa injini mpya yenye mbio. Shomari alirudi jioni anacheka, ila mikono inamtetemeka.

"Bibi wee, shairi lako linachechemea," akasema. "Msumeno ushafika, sie bado tumo ubetini. Lifupishe."

Ningemuuliza mikono ile inatetemekea nini. Niliogopa jibu, maana kama angesema anaogopa, ningelazimika kumwambia aache kazi. Tena nilitamani kuwa mshairi wa kisasa. Nikalikata: "Sukuma gogo, sukuma." Basi. Nusu ya pili nikaitupa, na kituo kikaenda nayo.

Mjomba alipolisikia hakucheka. Akauliza kituo nimekipeleka wapi. Nikamjibu kwa maringo kwamba ndivyo wanavyotunga Wamarekani.

"Mwanaidi, nilikusomea uwasikie wanavyolia. Wewe umeona wanavyokata tu. Wao wamekata mistari, wewe umekata pumzi ya mumeo. Kamwambie leo waliache."

Nikaitikia. Siku ya kwanza sikumwambia, wala ya pili, wala ya tatu. Niliona haya kulirudisha shairi ambalo hata wauza samaki walilishika.

Siku ya nne msumeno ukanyamaza. Tukakimbia, nami njia nzima naomba dua yangu ile. Tulipofika, wanaume wakatazama chini. Bi Zaina akanishika mkono, nikajua.

Nyapara aliwaharakisha, na msumeno haukuwa na kinga. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu. Lakini mwenzake Shomari aliyesimama ubavuni mwake, Athumani, nilimbana aniambie kweli, akaniambia: "Hapakuwa na pa kurudisha mkono, shemeji. Alikuwa kwenye 'sukuma' ya pili, msumeno ukamkata."

Shomari aliishi siku mbili. Sikumwambia kuwa mjomba alinionya. Alikufa analisifu shairi langu. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala yeye.

Mwanangu, kila zama ina mtambo wake, na kila mtambo hupata wa kuusifu. Sikukatazi kusifu. Lakini kabla hujaandika neno, nenda kwa yule anayeulisha, umuulize anaogopa nini, kisha usiondoke mpaka akujibu. Ukiona mikono inatetemeka, usidanganywe na kicheko cha mdomo. Na ukionywa kuwa kazi yako inaweza kumdhuru mtu, isahihishe siku hiyohiyo, hata kama mji mzima unakupigia makofi, kwa kuwa haya itapita na maiti harudi. Wala usiwacheke waoga. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ningekuwa na mume mwoga, ningezeeka naye.

Mungu akupe sikio la kusikia kilio ndani ya sifa, na ulimi usiochelewa kusema kweli. Akurudishie nyumbani kila umpendaye, na viungo vyake vyote. Amina.