Siku Niliyoita Shemeji Kabla ya Majibu ya Posa

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu nusu ya Tabora inalijua, sasa nifiche nini?

Barua yangu ya posa kwa Zuhura ilikuwa kwa baba yake mkubwa wiki ya tatu, majibu hakuna, na mimi (fundi cherehani, mpole, sijawahi kugombana hata na mteja) usingizi umenikimbia. Jumamosi mchana kaka yake, Shabani, ambaye habari za posa alikuwa hajaambiwa, akanialika ukumbini kwenye muziki wa roki, ule wa magitaa yanayonguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Roki siijui, ila nikasema twende, huenda familia ikanizoea, na nikaamua kusimama mbele kabisa. Kosa lilianzia hapo.

Wimbo wa pili tu, vijana wakafanya duara katikati, wakaanza kugongana mabega, kusukumana, kurushana! Kwetu watu wakishikana hivyo unaamulia, ndivyo tulivyolelewa, basi nikaingia na mikono juu, "Jamani, yaishe! Yaishe!", nao wakadhani nacheza, wakanisukuma kwa furaha. Mara namwona Shabani chini, na jitu moja (baadaye niliambiwa ni dereva wa lori wa Igunga) limemwinamia. Nikalirukia mgongoni, nikalikaba shingo, nikapiga ukelele: "Mwachie shemeji yangu!"

Wimbo ukaisha palepale. Ukumbi kimya, na mimi bado niko mgongoni.

"Kaka, namwinua tu," dereva akasema kwa upole. "Huku mtu akianguka tunamwinua."

Shabani akaniangalia kutoka chini. "Shemeji wa nani?"

Mlangoni Zuhura, aliyekuja na shoga zake, alikuwa amejifunika mtandio uso mzima. Lo! Nikashuka, nikatoka bila kuaga, nikijua posa imekufa.

Kesho yake baba mkubwa akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akacheka mpaka akakohoa. "Barua ilikwama kwa mama yake Zuhura. Alisema wewe mpole mno, mwanawe akionewa utatazama tu. Jana kasikia ulivyolirukia lile jitu. Ijumaa walete wazee wako."

Nililia, sioni haya kusema. Ila nimeapa: kwenye roki nitasimama nyuma, na neno shemeji halinitoki tena hadi ndoa ifungwe. Tatizo ni Shabani, kila akinikuta sokoni anapaza sauti: "Mwachieni shemeji yangu!"